Bi Bupe Hamkabidhi Malkia

Leo, Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, Bi Bupe Mwaisela anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne katika banda la mbwa la Kampuni ya Ulinzi Boma Kuu, hapa Tegeta. Ametimiza miaka sitini. Ameumwa na mbwa mara mbili na zote mbili alisema kosa lilikuwa lake. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba ya leo, uwe mfupi na usiwe na maneno ya kukera. Ufupi nimejitahidi.

Desturi ya wasifu wa namna hii ni kutaja vyeo. Bi Bupe alipanda cheo mara moja tu, kwa hiyo hapo tungekuwa tumeshamaliza. Lakini jalada lake pale ofisini ni nene, na kilicholinenepesha ni barua za onyo. Ziko nne. Nazijua kwa sababu zote nimezichapa mimi, Hope, katibu muhtasi wa kampuni hii tangu mwaka 2001, na kila nikizisoma naona ndizo zinazoeleza vizuri zaidi kazi aliyoifanya. Kama wasifu huu utaniletea na mimi barua, nitaichapa vilevile, maana ofisini hakuna mwingine anayeiweza ile printa.

Aliajiriwa Aprili 1997 kupika ugali wa mbwa. Alikuwa ametoka Rungwe, amepanga chumba Ubungo, na maelekezo aliyopewa yalikuwa sufuria mbili kubwa za dona na vichwa vya samaki, asubuhi na jioni, na asiwasogelee wanyama. Kampuni ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kufuga mbwa wa aina ya boksa. Watu huwaogopa kwa sura: pua iliyobonyea, kifua cha mbeba magunia, midomo inayoning'inia na mate yake. Bi Bupe ndiye aliyetuonyesha kwamba nyuma ya sura ile kuna mtoto wa chekechea. Boksa akifurahi hujikunja mwili mzima, kichwa kikakaribia mkia, akaja kwako kwa ubavu huku anakukanyaga miguu. Miezi mitano baadaye mwongoza mbwa mmoja aliacha kazi, na mbwa wake akagoma kula mkononi mwa yeyote isipokuwa mpishi. Bi Bupe akapewa buti, filimbi na mnyororo, mwanamke wa kwanza katika kitengo. Hicho ndicho cheo nilichokitaja.

Barua ya kwanza ni ya 2003, na inamhusu Jemedari. Enzi hizo mbwa walipelekwa malindoni kwa pikapu yenye bodi la bati lililozibwa pande zote, kwa kuwa kanuni ilisema mbwa wa ulinzi asionwe na watu njiani. Siku hiyo ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Februari, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo haisogei. Boksa ana pua fupi. Hawezi kujipoza kwa kuhema kama mbwa wengine. Bi Bupe alikaa mbele na dereva, akamsikia Jemedari anakoroma nyuma, akafikiri amelala. Boksa hukoroma sana, na kila mtu wa banda letu angefikiri hivyohivyo. Walipofika lindoni na kufungua mlango, fizi za Jemedari zilikuwa nyekundu kama tofali la kuchoma na miguu haimshiki. Alikufa mikononi mwa Bi Bupe kabla ndoo ya maji haijafika. Alilia mbele ya mteja, mbele ya walinzi, bila kujificha, na mpaka leo hajajisamehe kwa ule mkoromo aliousikia akanyamaza.

Kesho yake alikuja na mkasi wa bati, akakata madirisha sita kwenye bodi la pikapu. Barua ilimshutumu kwa kuharibu mali ya kampuni. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kukata bodi la gari la pili. Tangu siku hiyo hakuna boksa wa Boma Kuu aliyekufa kwa joto. Kila mwongoza mbwa hapa anajua kutazama fizi kabla ya zamu, anajua kuloanisha tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, na anajua kwamba kuanzia Desemba mpaka Machi boksa hapangiwi zamu ya mchana. Magari mapya yote yamekuja na madirisha yake tayari. Barua ya shukrani sikumbuki kuichapa.

Barua ya pili ni ya 2009, kosa likiwa kuondoa mbwa lindoni bila idhini. Bi Bupe alikwenda kukagua nyumba moja ya mteja, akamkuta boksa wetu amefungwa mnyororo mfupi getini, juani, na watoto wa nyumba wanamtupia maganda ya machungwa ili abweke. Alimfungua, akarudi naye Tegeta kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Mteja alipiga simu akiwa amefura. Tulidhani tumempoteza. Lakini Jumamosi iliyofuata Bi Bupe alirudi kule kwa hiari yake, bila mbwa, akawakalisha wale watoto barazani na kuwafundisha: msimsogelee akila, msimkimbie, akiwarukia simameni wima kama nguzo na mikono kifuani. Aliwaambia kwamba mbwa anayefungwa kutwa ndiye anayeuma, na kwamba hata wao wangeuma. Mteja yule bado yuko nasi, na wale watoto sasa ni watu wazima, mmoja wao amechukua mbwa wetu mstaafu.

Hilo la mbwa wastaafu ndilo lililoleta barua ya tatu. Zamani boksa akifika miaka minane alichomwa sindano, na mambo yakaishia hapo. Mwaka 2014 zamu ilimfikia Shaba, dume mpole mwenye viuno vilivyoanza kukaza. Asubuhi ya sindano Shaba hakuonekana bandani. Bi Bupe alikuwa amempeleka Mtoni kwa Mzee Khalil, mfanyabiashara mwenye ghala la mbao kando ya Barabara ya Kilwa, ambaye alihitaji mbwa wa uani na alikuwa na kivuli cha kutosha.

Kwa haraka ile Bi Bupe alisahau kutazama siku. Ilikuwa Ijumaa, saa sita na robo, na Mzee Khalil ametoka mlangoni na kanzu nyeupe, anakwenda msikitini. Shaba alimpenda palepale. Alijikunja, akaja kwa ubavu, akamlamba mzee kuanzia vidole hadi kiwiko na kumwachia ute kwenye kanzu. Wanaojua dini ya mzee wanajua maana yake: kuosha mara saba, moja kwa udongo, na kanzu nyingine. Khutba aliikuta katikati. Bi Bupe alibaki uani amejiinamia, akingoja kurudishiwa mbwa wake. Mzee aliporudi alimwambia, "Mbwa nimemkubali, Bi Bupe. Ila saa yako ndiyo sijaikubali." Mkewe, Bi Wahiba, akamletea juisi ya ukwaju, akamwonyesha bomba la uani na ndoo ya udongo safi iliyowekwa tayari kwa ajili ya Shaba.

Kutokana na aibu ile ukazaliwa utaratibu ambao hauko katika kitabu chochote cha kampuni. Kwenye nyumba ya Waislamu mbwa hapelekwi Ijumaa, na anapelekwa na mfuko wa udongo safi, kamba yake na bakuli lake, vyote vya uani. Kwenye nyumba ya Wakristo wa bara, Bi Bupe anauliza swali moja kabla ya kukaribishwa kiti: Krismasi mnakwenda wapi? Maana jiji hili Desemba linahamia Moshi, Bukoba na Mbeya, na mbwa hubaki na mfuko wa pumba na bahati yake. Asiye na jibu hapewi. Mimi mwenyewe niliomba mwaka 2018 nikanyimwa, nikanuna wiki nzima. Baadaye Mzee Khalil akajitolea ua wake, na kila Desemba boksa wa Wakristo hulelewa Mtoni kwa Waislamu mpaka wenyewe warudi na ndizi zao.

Kampuni ilimpa barua kwa kumtorosha Shaba, kisha ikafumba macho, na kwa njia hiyo mbwa kumi na saba wamezeekea majumbani. Kila mmoja ana kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, inayokaguliwa na Bi Bupe kila mwaka kwa kushtukiza. Anawapapasa mwili mzima kutafuta uvimbe, kwa kuwa boksa hupata uvimbe kuliko mbwa wengi, na anawagombeza wenye nyumba wanaowalisha chakula kingi mara moja kisha wakawakimbiza, tumbo likajaa gesi. Hakuna hata mmoja kati ya hao kumi na saba aliyemuuma mtu.

Nakuja sasa kwenye barua ya nne, ambayo wino wake haujakauka vizuri.

Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Edgar, alifika Januari. Si mtu mbaya, na salamu zake ni nzuri. Ila anahofu kwamba mbwa aliyefunzwa ulinzi akimuuma mtoto wa jirani, kampuni itasimama mahakamani. Februari akatoa waraka kwamba mbwa yeyote asiyeweza zamu aondolewe, na asitoke nje ya ukuta akiwa hai. Wa kwanza chini ya waraka huo ni Malkia.

Malkia ana miaka tisa. Saba kati ya hiyo ametembea doria na Bi Bupe, ubavu kwa ubavu. Moyo wake sasa hupiga kwa kurukaruka. Anaweza kuzirai katikati ya hatua, kisha akaamka na kututazama kana kwamba sisi ndio tulioanguka. Anakunywa dawa kila siku, anakula vizuri, na bado anajikunja akisikia zile buti. Daktari wetu wa mifugo, Dkt. Deogratias, aliitwa mwezi uliopita amchome. Alimpima robo saa nzima, akafunga mkoba wake. "Huyu ni mzee tu," alimwambia Mkurugenzi. "Sindano ya uzee sina." Mkurugenzi akasema atatafuta daktari mwingine Bi Bupe akishaondoka, yaani wiki ijayo.

Anayestaafu hapa husaini hati ya makabidhiano. Hati ya Bi Bupe ina mbwa kumi na wanne. Alisaini kumi na watatu, mstari wa Malkia akaupiga kalamu. Ikarudishwa, nikaichapa upya, akaupiga kalamu tena. Mara ya tatu aliitwa ofisini, nami nilikuwepo, nikamsikia akisema kwa sauti ileile anayoitumia kuomba chumvi: "Mie nakabidhi wanaofanya kazi, baba. Huyu amestaafu, kama mie." Barua ya onyo ya nne nikaichapa jioni hiyo, siku kumi kabla mtu hajastaafu. Nadhani hilo halijawahi kutokea popote.

Wafanyakazi tulichanga, kama ilivyo kawaida yetu, kumpa mstaafu mabati na saruji. Kamati ilipomfuata alishukuru sana, akasema nyumba yake imeshapauliwa, ua una ukuta na mti wa mwarobaini. "Nipeni mbwa wangu," alisema.

Sasa, katika kampuni hii hata ndoo haitoki getini bila kibali. Kibali huchapwa na mimi na kusainiwa na Mkurugenzi. Jana nilichapa kimoja: Malkia, boksa jike, miaka tisa, anakwenda nyumbani na Bi Bupe Mwaisela. Kina nafasi ya saini moja. Tumesaini watu arobaini na moja, mpaka nyuma ya karatasi, madereva, waongoza mbwa, wapishi, na Dkt. Deogratias akagonga na muhuri. Walinzi wawili wa zamu ya leo getini ndio waliotangulia kusaini. Nafasi ya Mkurugenzi tumeiacha wazi kwa heshima. Kibali kiko meza kuu, mbele yake, anaposoma maneno haya, na kalamu iko pembeni. Akisaini tutampigia makofi ya dhati. Asiposaini, geti litafunguliwa saa sita kamili, kwa kuwa wenye ufunguo wameshasaini.

Bi Bupe, asante kwa kila mbwa aliyepumua vizuri kwenye joto la Dar kwa sababu yako, na kwa sisi uliotufundisha kutotii inapobidi. Tunakutakia wewe na Malkia afya, kivuli, na Desemba nyingi mkiwa pamoja. Tumejipanga pande zote mbili za njia. Piteni.