Umri Aliompa Nesi

Basi lilikwama kwenye foleni, na fundi cherehani akajikuta anamweleza yote mama aliyekaa naye kiti kimoja. Mtu usiyemjua hana pa kupeleka umbea.

"Wamenitoa damu," alisema, "wakasema uwezekano wa mtoto kuwa na tatizo la kromosomu ni mdogo."

"Si ushukuru, mwanangu?"

"Nilimpunguzia nesi umri wangu, mama. Miaka sita."

Kazini, yeye alimtajia kila mteja kiuno chembamba kuliko alichopima, kisha akakata kitambaa kwa kipimo cha kweli, na wote wakaondoka wanatabasamu. Nesi alipouliza umri, mdomo ukapunguza wenyewe. Baadaye ndipo aliposikia kwamba umri wa mjamzito nao huingia kwenye hesabu ya uwezekano huo, pamoja na vile vipimo vya damu.

"Rudi useme kweli, wapige hesabu upya."

"Na jibu likibadilika?"

"Hata hilo halitakuwa la mwisho. Watakupima zaidi."

"Huyu nimemsubiri mpaka mawifi wamechoka kuniuliza. Nitampokea vyovyote atakavyokuja. Ila niache kidogo nimngoje bila woga. Hilo jibu ndilo linalonipa usingizi."

"Jibu lenyewe si lako, mwanangu. Ni la huyo binti mwenye umri uliompa nesi."

Fundi alishika tumbo ambalo bado halikuonekana, akageukia dirisha.

Basi likasogea, likasimama. "Kliniki!" konda akaita.

Mama akakunja magoti kumpisha, ingawa fundi hakuwa amesema anashuka.