Kochi wa Pasi Tano: Wilbard Aloyce Mutashobya, 1954–2008

Baba Padri, ndugu wafiwa, majirani zetu wa hapa Xiaobei, Guangzhou, wenye ofisi na wenye vyumba vya hoteli, na nyinyi malaoban, mabosi wa masoko, mliofunga maduka yenu siku ya Jumapili, siku ambayo najua ndiyo ya mauzo, asanteni kwa kuja. Naitwa Projest, marehemu ni mtoto wa mjomba wangu, na familia imenituma nisome historia hii kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye niliyezunguka nchi nyingi kuliko wote, nikarudi kutoka kila moja mikono mitupu, kwa hiyo inaaminika nina muda.

Kabla sijaanza, najua swali mliloingia nalo ukumbini, maana nimelisikia kwenye lifti likitajwa na watu waliodhani nasoma namba za ghorofa: Loïc yuko wapi, kijana aliyelelewa na marehemu kama mwanawe wa kumzaa, aliyepaswa leo kuishika picha hii mbele yetu? Jibu limo humu ndani, marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe bila kupunguzwa, kwa hiyo wale mnaomsema kijana naomba mpumzishe midomo mpaka nifike.

Marehemu Wilbard Aloyce Mutashobya alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 huko Kamachumu, katika mkoa ambao siku hizo ulikuwa bado haujaitwa Kagera, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Aloyce Mutashobya na Mama Adelina, ambao wote wametutangulia. Alikuwa mrefu tangu utoto, mrefu kiasi kwamba bibi yetu alimtuma kuchuma parachichi bila kupanda mti, na mimi niliyekuwa mfupi nikitumwa kuziokota, mgawanyo wa kazi uliodumu kati yetu kwa miaka hamsini.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kamachumu kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha sekondari ya misheni mjini Bukoba kuanzia 1969 hadi 1972, alikomaliza kidato cha nne. Sasa, karatasi niliyopewa na wazee inasema kwamba mwaka 1974 marehemu alijiunga na Chuo Kikuu, pale Mlimani, Dar es Salaam, na huo si uongo, alijiunga kweli, ila alijiunga kama mtunza stoo ya vifaa vya michezo. Marehemu hakusoma chuo. Najua kwa mtu wa Bukoba kauli hiyo ni nzito kuliko taarifa ya msiba wenyewe, na shangazi pale nyuma nimemwona akishika kichwa, lakini ni Wili mwenyewe aliyeniambia, "Projest, usinizike na digrii isiyo yangu, itanikaba huko niendako."

Kwa miaka saba alifua jezi, alijaza mipira upepo, na kila timu ya kikapu ya wanafunzi ilipopungukiwa mtu walimpigia kelele dirishani, "Wili wa stoo, njoo utujazie!", naye akavua koti la kazi akacheza. Vijana wale hawakulipwa hata soda, viatu vyao vilikuwa vya kuazimana, lakini kila mmoja alijua mwenzake amesimama wapi bila kugeuza shingo, na kutoka hapo marehemu akashika imani ambayo hakuiachia kirahisi, kwamba kikapu cha kweli ni cha chuo, na kile cha kulipwa ni biashara kama biashara nyingine.

Tarehe 30 Juni 1984 alifunga ndoa takatifu na Albertina, ambaye yuko hapa mbele yetu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kokushubira, Method na Editha, waliotua juzi kutoka nyumbani. Wakati huo alikuwa amekwisha kuajiriwa na kampuni moja ya uwakala wa forodha bandarini Dar es Salaam, alikofanya kazi tangu 1982, hadi alipoamua kuja kuona mizigo inakotokea, akawasili Guangzhou tarehe 19 Oktoba 2002, na Februari 2003 akafungua ofisi yake ghorofa ya saba, akipakia makontena ya kushea na kuyasindikiza mwenyewe hadi bandari ya Huangpu. Wengi wenu mizigo yenu ilipita mkononi mwake, na mnajua alivyopanga, cha mmoja kikishikilia cha mwingine kisianguke, asibaki hata panya na pa kugeukia.

Mpira alifundisha vivyo hivyo. Aprili 2003, kwenye uwanja wa saruji wa chuo kimoja hapa mjini, aliwakusanya wanafunzi wa Kiafrika kila Jumapili baada ya misa, akawapa sheria moja tu, kwamba hakuna ruhusa ya kutupa kikapuni kabla ya pasi tano, na ndipo mkamwita Kochi wa Pasi Tano. Mimi nilikuwa msaidizi wake, yaani nilibeba maji, na siku moja walipopungukiwa nikaingia, nikafunga pointi mbili safi kabisa, katika kikapu chetu. Timu ile ya mwaka 2003 na 2004 ilikuwa tamu kuitazama, hata wazee wa Kichina waliokuwa wakifanya mazoezi ya viungo pembeni walisimamisha mikono hewani.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, na marehemu aliligundua hilo kwa njia ambayo ni mtu wa mizigo tu angeitumia. Jezi za vijana zilishonwa kwa Laoban Huang wa Zhanqian Road, yule pale mwenye shati jeusi, na kila mwaka marehemu alikwenda na futi yake ya kupimia maboksi, akapima maandishi. Mwaka 2003 jina la chuo kifuani lilikuwa sentimita kumi na nne, na mgongoni palikuwa na namba peke yake, mwaka 2005 jina la chuo likashuka hadi kumi, likatokea jina la mchezaji mgongoni, na mwaka 2007 chuo kilikuwa na sentimita sita, mchezaji kumi na sita, na senta wetu mmoja aliomba picha yake pia. Laoban Huang akamwambia, "Mimi nashona tu, pengyou, rafiki yangu, wewe ndiye unayewafundisha," na marehemu hakupata usingizi wiki nzima.

Kwa haki, vijana hawakuwa wabaya. Aliyekuwa hodari alichukuliwa na timu za kulipwa kabla hajamaliza mwaka wa kwanza, aliyebaki alijifunza kwa televisheni, na televisheni haionyeshi mtu akisimama mahali pake, inaonyesha akiruka, kwa hiyo kila mmoja alitaka kuruka. Fainali ya Mei 2007 iliisha thelathini na moja kwa ishirini na nane, nikashuhudia kwa macho yangu vijana watatu wa timu moja wakinyang'anyana mpira wao wenyewe.

Katikati ya hao alikuwepo Loïc, aliyefika Septemba 2005 kusomea uhandisi, mtoto wa dada yetu Nadège wa Bukavu, ambaye wengi mnanunua naye nguo. Siku ya kwanza Nadège alimleta ofisini kwa mkono, akasema, "Kaka Wili, mtoto huyu nakuachia, mpira acheze, lakini asirudi kwetu bila diplôme," marehemu akaahidi. Na huyu Loïc, mwenye urefu wa mita mbili na sentimita tatu, ndiye pekee aliyekuwa bado akitoa pasi.

Tarehe 8 Desemba 2007 Laoban Huang alitupeleka kutazama mechi ya kulipwa, mara ya kwanza marehemu kukubali kuingia, na aliingia akiwa amekunja uso kama anayekwenda kukagua kontena la mtu asiyemwamini. Robo ya kwanza alicheka, robo ya pili akasogea ukingoni mwa kiti, robo ya tatu nikamwona anahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na mpira bado unazunguka, watu wazima wenye mishahara wakipeana mpira kama wanapeana chumvi mezani. Ndani ya teksi nikamuuliza, "Vipi, profesa?" Akasema, "Projest, wanaolipwa ndio wanaocheza kama wanafunzi, na wanafunzi wetu wanacheza kama watu wanaodai mshahara."

Mnaweza kudhani aliposema hivyo alikuwa amekwisha kubadilika, lakini moyo wa mtu si lifti, haushuki kwa kubonyezwa. Januari 2008 alikuja ofisini mtu wa klabu moja ya kulipwa ya mji wa kaskazini, amesikia habari za kijana mrefu mwenye pasi, anamtaka kwa majaribio. Nyote hapa mnajua neno mnaloambiwa na mwenye duka pale bidhaa ipo, lakini amemwekea mteja mwingine. Marehemu alimtazama yule mgeni usoni, akamjibu, "Mei you," hakuna, hatuna. Mgeni akaondoka, na Loïc, aliyekuwa ghorofa ya chini akinunua tambi, hakuambiwa. Nilikuwepo, nami nikanyamaza, kwa hiyo msimlaumu marehemu peke yake, nusu ya lawama hiyo mnipelekee mimi, mlango wangu ni wa pili kushoto.

Juni 2008 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, akapimwa katika hospitali moja ya hapa Yuexiu, tarehe 27 Juni tukaambiwa ni saratani, na Julai akafanyiwa upasuaji wa kwanza. Agosti alilazwa muda wote wa Olimpiki, akitazama kikapu wodini pamoja na mzee mmoja wa Kichina wa kitanda cha jirani, hawakuelewana hata neno moja, lakini pasi nzuri ikipigwa wote wawili walipiga vyuma vya vitanda kwa vijiko mpaka muuguzi akavichukua. Loïc alikuwa akija kila siku baada ya darasa kumnyoa ndevu na kumgeuza, na nadhani ni hilo, kuliko ugonjwa, lililomshinda.

Jumapili tarehe 2 Novemba alituita, Nadège, Loïc na mimi, akatueleza yote, stoo ya Mlimani, ahadi, na yule mtu wa klabu. Alisema, "Mimi chuo nilikitazama kwa dirisha la stoo, nikakipenda kupita kiasi, nikataka mtoto huyu akae ndani yake kwa niaba yangu, mpaka nikamfungia." Loïc alisimama, kichwa kikikaribia taa, akasema, "Baba Wili, ulinificha kama kiatu cha saizi ya mwisho?", akatoka, na kwa siku mbili hakuonekana, na siku hizo mbili marehemu hakutaka kunyolewa na mtu mwingine. Siku ya tatu akarudi na wembe, akaanza na shavu la kulia.

Kwa msaada wa Laoban Huang tuliipigia simu klabu ile, wakakubali kumtazama mara moja tu, katika mechi ya majaribio, Jumapili tarehe 23 Novemba, saa tisa alasiri, asipofika nafasi inakwenda kwa mwingine. Nadège alikataa kwanza, akauliza, "Na diplôme je, Kaka Wili?", marehemu akamjibu, "Mama Loïc, diploma inangoja, goti halingoji." Halafu akamgeukia kijana akasema mbele yetu sote, "Ikitokea siku yako ikaangukia juu ya siku yangu, wewe nenda kwenye yako, mimi yangu haina mpinzani."

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 20 Novemba 2008, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Ukumbi huu ulipatikana Jumapili peke yake, mwili unasafirishwa Jumanne, kwa hiyo siku mbili hizo zikakutana kama alivyosema. Loïc alikuja kwangu Ijumaa na begi, akaliweka chini, akasema haendi popote, na mama yake akalia, "Projest, aibu hii nitaipeleka wapi, mtoto aliyemnyoa marehemu asionekane kwenye msiba?" Mimi ni mtu wa utani, sina busara ya kukopesha, lakini jana nilimsindikiza stesheni mwenyewe, nikasimama mlangoni mwa behewa asiweze kushuka, jambo ambalo kwa kimo changu lilikuwa la kuchekesha, angeweza kuniruka.

Sasa ni saa tisa na robo. Yuko uwanjani. Sijui kama watamchukua, na kama hawatamchukua atarudi hapa kuumaliza mwaka wake wa mwisho, tutampokea bila maswali. Anayetaka kumlaumu kwa kutokuwepo amlaumu aliyemtuma, na aliyemtuma amelala hapa mbele.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, pamoja na yule aliyerudisha vijiko, inamshukuru mzee wa kitanda cha jirani aliyetuma maua meupe, Baba Padri na wanajumuiya, Bwana Msabaha wa ofisi ya pili na mkewe Bi Kazija waliotupikia tangu Alhamisi bila kuuliza tunasali wapi, wafanyakazi wenzake wa Huangpu, Laoban Huang, na wanafunzi wote waliokuja na jezi zao. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Nadège, ambaye leo ameombwa kuketi katika kiti cha mwanawe, kwenye benchi la familia, naye ameketi.

Kaka Wili, kazi yako hukuibakiza, uliyokosea uliitengeneza ukiwa bado unapumua, wachache wanawahi. Pumzika sasa, na amani ya Mungu ikae nawe; sisi huku tutaendelea kucheza vibaya, lakini tutacheza.