Mfagiaji wa Segera

Kijiwe cha Nassoro kipo pale mjini Same ambapo mabasi ya Dar yanapunguza mwendo, na ambapo upepo hauna adabu: unaingia kwenye kikombe kabla ya mdomo wa mnywaji. Ni benchi moja, jiko la mkaa, birika la kahawa chungu, sahani ya kashata, na wenyeji watatu ambao hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Yupo Hamidu, aitwaye Diwani, ingawa kila uchaguzi wananchi humkataa kwa kauli moja. Yupo Respicius, Dokta, aliyewahi kulinda geti la zahanati. Na yupo Sefu wa bodaboda, Breki, jina alilopewa kwa kuwa ndicho kitu ambacho pikipiki yake haina. Asubuhi hiyo, katikati yao, aliketi Ernesta. Alikuwa ameshuka kutoka Suji na gari la kwanza, na simu ya Breki ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Kwenye simu kulikuwa na video fupi. Utingo mmoja ameirusha usiku kutoka Segera: mwanamume amepigwa picha kwa nyuma, shati limefifia, anafagia stendi huku akirudi kinyumenyume.

— Redio huyo! Diwani alisema. Mgongo ule naujua, kakaa hapa na mimi miaka.

— Anaitwa Elinaza, Ernesta alisema.

— Ndiyo, binti yangu. Elinaza. Redio ni jina la hapa kijiweni. Lakini una uhakika gani? Wafagiaji wako wengi.

— Kaka yangu hufagia akirudi nyuma ili asikanyage alipokwisha kusafisha. Tangu utoto. Mama alikuwa anamwambia atakuja kuangukia kisimani.

Akairudia ile video. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuutamani mgongo. Ernesta alikuwa mkubwa wake, lakini Elinaza ndiye aliyekuwa akirudi toka mjini na habari zote: nani kaoa, basi gani limelala Makanya, pasta gani kanunua gari. Alizisimulia huku akimenya ndizi, mpaka chungu kinaungua na hakuna anayejali. Tangu atoweke bila kuaga, nyumbani wanakula ndizi zisizoungua, kimya.

— Mimi nasemaga, Dokta alianza, ule ugonjwa wake ni damu. Inapanda kichwani, inakosa pa kushukia.

— Damu gani wewe! Diwani alimkatiza. Yule alikata fimbo kwenye msitu wa matambiko wa ukoo akiwa mdogo. Wazee walinyamaza tu.

— Mzee baba, acheni fiksi, Breki alisema. Ni mnara. Si wameusimika mlimani? Kuna vichwa vinashika mawasiliano bila laini. Ndiyo maana alikuwa anajibu simu ambayo hana.

— Alianza kusikia sauti mnara haujajengwa, Sefu, Ernesta alisema.

— Basi alishika ya Kenya.

Wakacheka, na Ernesta akacheka pia, kwa sababu Elinaza angecheka. Siku zake nzuri alikuwa akiwaambia sauti zile, kwa heshima kabisa, zisubiri amalize kahawa.

— Lakini si alipona? Nassoro aliuliza, akimimina. Mbona alikuwa anakaa vizuri, anashuka kila mwezi kuchoma sindano, anapita hapa, ananichambulia siasa?

Ernesta alieleza, macho kwenye simu.

— Tulimfanyia shukrani. Ukoo mzima. Tukapika makande ya kulisha mlima, tukamsimamisha mbele ya watu ashuhudie kwamba Mungu amemponya. Akashuhudia. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwezi ulipofika anataka kushuka kuchoma sindano, baba mdogo akamwuliza: utaonekanaje hospitali, na umeshasema umepona? Unataka kumfanya Mungu mwongo?

— Akaacha?

— Akaacha. Alikuwa mtu wa kutunza neno lake. Sauti zikarudi, na siku moja akatoweka.

— Mungu na sindano hawakugombana, Nassoro alisema polepole. Ni nyinyi.

— Ni sisi, Ernesta alisema.

Diwani, ambaye ukimya humuumiza meno, akachukua uongozi. Twende Segera na kamati. Dokta atampima kwa macho. Breki akasema bora aitwe kwa ujanja, aambiwe ameshinda droo ya simu. Dokta akaona apelekewe sauti ya kwaya ya nyumbani kwenye spika kubwa. Diwani akaongeza farasi. Hakuna aliyemwuliza farasi wa nini.

Basi la Arusha lilikuwa limesimama kwa pancha, na mama mmoja mwenye kitenge chenye vumbi la mkonge alikuwa ameshuka, akakaa ncha ya benchi na kikombe chake. Alijitambulisha kuwa Lukia, wa mashambani Korogwe.

— Shikamooni. Samahani, nimesikia. Sisi pia nyumbani tunaye mgonjwa wa hivyo, dada wa mume wangu. Huyo ndugu yenu akirudi leo, atalala wapi?

— Nyumbani! Diwani alisema.

— Nyumbani wapi?

Diwani akamtazama Dokta. Dokta akatazama kashata. Breki akaitazama pikipiki. Wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigwe misumari, hawakuwa na jibu. Nao wakamgeukia Ernesta.

Ernesta alikiona akilini chumba cha kaka yake. Kitanda kimesimamishwa ukutani. Chini, maranda, na taa ya joto inawaka mchana kutwa juu ya vifaranga wa wifi yake Fortunata. Nguo za Elinaza alizigawa mwenyewe, akilia, kama za marehemu.

Akampa Breki simu yake, akatoa ya kwake.

— Fortunata? Wahamishe kuku.

— Wifi! Kuwapeleka wapi?

— Sebuleni. Popote. Kisha fagia, ulaze kitanda chini, utandike.

— Kuna mgeni?

Basi la kwenda Dar lilikuwa linakaribia, taa zimewashwa. Ernesta alishasimama, mkono umenyooshwa barabarani.

— Si mgeni, alisema.