Bata wa Dola Tano

Sikilizeni, wanangu. Gaylen, zima redio. Marlys, vua koti ukae, hapa si kwa watu, na huo mfuko niliokuagiza uje nao uweke hapa kitandani, usiufungue mpaka niseme. Muuguzi ameniambia kwa upole kwamba barafu ya ziwa itayeyuka mimi sipo, nami sibishani na mtu aliyesomea kazi yake. Kwa hiyo nisikilizeni leo, na mwenye ubishi angoje nikishalazwa kando ya Orrin, baba yenu.

Nyumba hii ni yenu, nusu kwa nusu. Vyombo vimeshajigawa vyenyewe, maana mlianza zamani, kama desturi yetu ilivyo, kubandika majina yenu kwa utepe wa karatasi chini ya viti na nyuma ya picha. Gaylen aliibandika saa ya ukutani akiwa bado na meno ya utoto. Lakini chini ya yule bata wa kuchongwa kwa mti, niliyemnunua mimi mwenyewe kwa dola tano kwenye mnada wa shamba, baba yenu akawa anamtega ziwani kuwavuta bata wa kweli huku Marlys amejibanza naye kwenye matete, hakuna aliyebandika kitu. Kumbe yupo aliyempenda kupita kiasi. Ila ndivyo tulivyo watu wa huku: mgeni anakataa keki mara tatu huku anaimezea mate, na mwenyeji asipomsihi mara ya nne, keki inakauka mezani. Mficha uchi hazai.

Majira ya baridi ya mwaka jana gesi ya kupashia nyumba ilipanda bei, nami miguu ikagoma. Gaylen, mwanangu, ulihamia hapa ukanipikia na kuniosha, na hilo sitalisahau hata kaburini. Ukaviuza vitu vyangu mtandaoni, kwa ruhusa yangu na kwa jina langu. Piano ilikwenda kwa bei ya kutupa, makochi vilevile, lakini bata, lo! walimgombania mpaka akafika dola elfu sita. Nyumba ikapata joto, nikaishi mwaka mwingine. Halafu Krismasi, mezani pangu, Marlys ukauliza kama faida ya bata itatajwa kwenye ritani yangu ya kodi, na moto ukawaka.

“Ya nini?” Gaylen ukasema. “Piano imetutia hasara kuliko faida ya huyo bata. Ngoma droo!”

“Droo ya wapi? Kitu cha nyumbani ukikiuza kwa hasara, hasara ni yako. Ukipata faida, unaisema.”

“Basi nenda ukaolewe na serikali!”

Dada yako akaondoka bila kunywa kikombe cha pili cha kahawa, na kwetu sisi hilo ni sawa na kofi. Tangu siku ile hamjasemezana, nami nimelala hapa nikiusikia ukimya wenu. Umeniuma kuliko ugonjwa.

Nilimpigia mtu wa kodi. Marlys yuko sahihi. Toeni dola zangu tano, toeni ada ya tovuti, kinachobaki ni faida, na piano haiwezi kuifuta. Dawa ya deni ni kulipa, na pesa ya kulipia ipo benki. Najua, Gaylen, utasema nani angejua. Mimi ningejua, na sitaki karatasi yangu ya mwisho hapa duniani iwe ya uongo.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita Marlys alinipigia simu ya video kutoka kwake Duluth, na nyuma yake, kwenye rafu, kitu kimefunikwa kitambaa cha jikoni, mdomo umechungulia nje, una pengo pale mbwa wetu alipong'ata. Nami mjinga nikasema tu, kitambaa chako kizuri.

Ndiyo, Gaylen. Mnunuzi ni dada yako, alijificha nyuma ya jina la mtandaoni. Alishindwa kukuambia anamtaka, na angenipa mimi pesa ya gesi ningeikataa mara tatu, naye anajua. Mwaka mzima mmenipasha joto wote wawili, kila mmoja akimwona mwenzake hana moyo. Wala msiniambie kwamba kwa kuwa bata hakutoka nje ya familia basi kodi imekufa. Mauzo ni mauzo. Pesa niliipokea.

Maji kidogo... basi, yatosha.

Fungua mfuko, Marlys. Mtoe. Usilie, mwanangu, au lia, vyovyote. Gaylen, utepe uko kwenye droo ya jikoni. Andika jina la dada yako, kwa mkono wako, umbandike huyo bata chini ya tumbo. Kisha kaeni meza moja mjaze ile ritani, niitie sahihi nikiwa bado... nikiwa na mkono.

Mungu awaweke pamoja. Awape joto. Na ninyi... mpeane.

Gaylen, teleka kahawa. Na wewe, Marlys, akikuuliza kama unataka... mara ya kwanza tu, mama... sema nataka.