Lori Lililoitwa Stoo

Bwana asifiwe! Nasema tena, Bwana asifiwe! Wengine mmeitika kwa uvivu, lakini siwalaumu, najua mmetoka zamu kiwandani na macho yanawauma. Kazi inayomkausha mtu naijua.

Ndugu zangu, mimi naitwa Aminieli, mtu wa Mkuu, Rombo. Wengi wenu mmetoka mikoa mingine mkaletwa hapa na miwa, na mnanijua tu kama yule dereva wa trekta anayefokafoka. Ni kweli nafoka. Leo nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa mahali ambapo nilikuwa nimeshajihesabu maiti. Nawaambia mapema, ushuhuda wangu si mtamu. Anayetaka mtamu amsubiri dada atakayenifuata.

Kabla ya kuja huku nilikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kwanza nilikuwa utingo miaka mingi, nikilala juu ya magunia, nikichimbua matairi kwenye matope, nikila vumbi. Nilijiambia kwamba nikipata leseni na kushika usukani, shida zangu zimekwisha. Wapendwa, ndipo zilipoanza! Kampuni iliyoniajiri pale Moshi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mambo yake kwa dereva mpya. Mshahara wako ni mdogo kuliko wa wote kwa sababu uko kwenye majaribio, na hayo majaribio hakuna anayekuambia yataisha lini. Safari nzuri za Tanga na Dar es Salaam ni za madereva wakubwa, wewe unapewa za porini. Jumapili watu wako kanisani, wewe unawaoshea wakubwa magari yao. Na posho ya njiani ililipwa kwa gari linalotembea. Gari likiharibika, posho inakatwa, kana kwamba na tumbo la dereva limezimwa.

Mshahara ule ungetosha sukari na sabuni, ila miaka ile sukari na sabuni zenyewe zilikuwa hazionekani dukani. Mke wangu Haika alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Alikuwa anabaki kule Mkuu kwenye kihamba cha baba yangu, yaani shamba letu la migomba, na chakula chetu kilitoka mikononi mwake. Watoto wa njiani walinipungia mkono, dereva, dereva! Halafu dereva anarudi nyumbani mikono mitupu kula ndizi za mkewe. Niliona aibu sana.

Lakini kilichotaka kuniua ni gari lenyewe. Dereva mpya alipewa lori moja ambalo wote waliliita Stoo. Vipuri vilikuwa shida nchi nzima, basi mkubwa akipungukiwa kitu kabla ya safari anakwenda kukichukua kwenye Stoo. Huyu kachukua jeki, huyu mkanda wa feni, huyu tairi la akiba. Badala yake wanakufungia kile kilichokwisha cha kwao. Mkubwa wa madereva alikuwa Barnaba, mtu wa Kibosho, Mkatoliki, mwenye kifua kipana na sauti ya kuamrisha. Siku moja kabla sijaondoka nilimkuta ameinama kwenye injini yangu, anazitoa nozeli, vile vipuri vinavyopuliza dizeli ndani ya injini. Nikamwuliza, mzee, mimi nitakwendaje?

Akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Bwana mdogo, sisi sote tumepita humu. Vumilia, akija mpya utamwachia."

Utingo wangu alisimama pale akiona yote. Aliitwa Mzee Shabani, Mwislamu wa Majengo, Moshi mjini, mtu mzima wa kunizaa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwanza ndipo nimwagize kazi. Alitikisa kichwa tu, tukapakia, tukaenda.

Mzigo ulikuwa mahindi ya njano ya msaada, maana ilikuwa miaka ya njaa, tunayapeleka Singida. Turubai lilifungwa kwa waya na lakiri ya risasi, yaani muhuri usiofunguka bila kukatwa. Lakiri ikikutwa imekatika, dereva anajibu mahakamani. Tulipita Babati, tukaenda mbele sana, na huko kwenye pori la miiba Stoo likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazimika. Zile nozeli za Barnaba zilikuwa zimekwisha kabisa. Tulihangaika nazo mpaka mikono ikatoka damu.

Mzee Shabani akasema, "Mwanangu, wewe umetia sahihi mzigo huu, huwezi kuuacha. Acha mimi nirudi Moshi nikawaambie." Akadandia lori lililopita, akaenda. Nikabaki peke yangu na gari.

Ndugu zangu, nilikaa pale wiki kadhaa! Chakula tulichobeba kiliisha upesi. Nyuma yangu kuna tani za mahindi, na mimi nafunga mkanda kwa njaa. Karibu na pale palikuwa na kijiji kipya cha ujamaa, watu wamehamishiwa juzijuzi, mvua haijanyesha, mashamba meupe. Mwenyekiti wao akaja na wanaume wachache. Wakalizunguka gari, wakalinusa. Wakaniambia, dereva, fungua. Nikawaambia lakiri ikikatika nafungwa. Wakageuka, wakaondoka. Wangetaka wangenipiga mawe wakachukua, nani angewazuia? Msinisifu kwa uaminifu. Nilikuwa naogopa jela, basi.

Keshoye mama mmoja wa kijiji kile akaniletea maji kwenye kibuyu, na mlenda kidogo, bila ugali. Ugali hakuwa nao. Aliendelea kuniletea kila alipopata. Hakuniuliza habari ya mahindi hata mara moja. Jina lake sikulijua, na sijui kama gunia hata moja la mahindi yale lilimfikia. Naombeni mumkumbuke kwenye sala zenu.

Halafu homa ikanishika. Nikawa nalala chini ya lori mchana kutwa kufuata kivuli, midomo imepasuka, natetemeka kwenye jua kali. Kila gari likipita nainua shingo, na kila gari linapita. Nikajua Mzee Shabani amenikimbia, na nani angemlaumu? Nikajua kampuni imenisahau. Wapendwa, mchana mmoja nililia kwa sauti nikamwambia Mungu, na Wewe umeniacha kama wengine, hakuna anayekuja. Nilimwambia maneno mengine ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Nilimchukia Mungu. Nilimchukia na Barnaba. Nikaomba nife haraka.

Sasa sikilizeni mambo yaliyokuwa yakitendeka Moshi, ambayo mimi sikuyajua.

Mzee Shabani hakunikimbia. Alifika kwenye kampuni, akaambiwa asubiri, vipuri hakuna. Akasubiri. Akarudi tena, akafukuzwa getini. Ndipo yule mzee, kwa nauli yake mwenyewe, akapanda mlimani mpaka Mkuu kumtafuta mke wangu. Akamwambia, mama, mumeo yuko porini, na vipuri vya gari lake viko kwenye magari ya wenzake, na mimi nawajua mmoja mmoja.

Haika alikwenda mpakani mwa kihamba akakata majani ya sale. Kwa ninyi msio wenyeji, sale ni ule mmea wenye majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Mchagga akikuletea jani la sale anakuomba msamaha, anakuomba amani, na hata kama alimuua ndugu yako, huwezi kumkatalia. Kulikataa sale ni jambo zito kwetu. Wapo hapa watakaosema hayo ni mambo ya mizimu. Semeni! Mimi najua Bwana wangu alitumia nini siku zile.

Mke wangu akashuka Moshi na tumbo lake kubwa, akapokewa Majengo nyumbani kwa Mzee Shabani, wakamlaza kwenye kitanda chao. Asubuhi akaingia kwenye yadi na Mzee Shabani akimwonyesha, huyu ana jeki, huyu ana tairi, huyu ana nozeli. Akafunga jani la sale kwenye mlango wa kila lori. Hakumtukana mtu. Kisha akaenda kukaa chini, getini, kwenye tope la masika, siku baada ya siku.

Yeye aliyekosewa ndiye aliyeomba msamaha! Madereva walichanganyikiwa. Wa kwanza akarudisha jeki siku ileile, akamwekea miguuni. Mwingine akaleta mkanda. Wasio Wachagga wakauliza jani hilo ni la nini, wakaelezwa, nao wakarudisha walichochukua. Barnaba alijifanya haoni. Aliingia garini kwa mlango wa pili ili asiliguse, akaenda safari yake. Aliporudi na kujaribu kutoka tena, akakuta jani bichi limefungwa na kwenye mlango ule wa pili. Haika bado yuko pale getini, mvua inamnyeshea, anamtazama tu. Meneja akatoka kuuliza mbona gari haliondoki. Barnaba akashuka, akachukua spana, akazifungua nozeli zangu mbele ya watu wote. Akamwambia mke wangu kwa Kichagga, "Mama, nimesikia. Namfuata mwenyewe."

Akaja mwenyewe na Mzee Shabani. Nilipowaona nilidhani ni homa. Barnaba alininywesha dawa, akanilisha, akalala chini ya Stoo na kulitengeneza kwa mikono yake. Akaniambia, "Mkeo ametuweza." Tukafikisha mahindi Singida, lakiri ikiwa nzima, tukarudi Moshi tukiimba, Mwislamu, Mkatoliki na mimi.

Nikaingia nyumba ya Majengo nacheka. Haika ameketi kitandani. Nikatazama tumbo lake, tumbo halipo.

Alikaa getini mpaka alipoliona lori lililombeba Barnaba linatoka kunifuata. Lilipopinda kona, uchungu ukamshika palepale, kabla ya wakati wake. Wakamkimbiza hospitali pale Mawenzi, wauguzi wakafanya walivyoweza. Alikuwa wa kiume. Alipumua kidogo, akaacha. Mke wa Mzee Shabani ndiye aliyemviringisha kitambaa cha kumzikia. Mimi mwanangu sikumwona.

Nilisimama pale mlangoni. Mke wangu akanitazama mashavu yalivyobonyea, akaniuliza, "Umekula?"

Ndugu zangu, nilianguka chini nikalia, na hapo ndipo nilipompa Bwana maisha yangu. Sikumpa kwa furaha, nilimpa nikiwa sina kitu kingine. Kuna shuhuda zinazoishia kwa mtu kupandishwa cheo. Mshahara wangu haukuongezwa. Posho ya wiki nilizokwama sikulipwa. Mwanangu hakurudi, na naumia mpaka leo, na nikimwuliza Bwana kwa nini, hajanijibu. Lakini chuki ilinitoka. Barnaba tukawa ndugu. Na niko hai, nimepewa watoto wengine pia, wale wanaowapigia kelele pale nyuma.

Wewe uliyekuja hapa umekata tamaa, unasema hakuna anayekuja, nakusihi sikiliza. Hata mimi nilisema hivyo, kwa sauti kubwa, nikiwa chini ya lori. Na siku zilezile nilizokuwa nikimtukana Mungu, mke wangu alikuwa kwenye tope la Moshi kwa ajili yangu, na sikumwona. Mtumaini Bwana kabla hujaona!

Haika, mama, simama kidogo wakuone.

Hataki. Basi mwacheni akae. Ninyi simameni, tumshukuru Mungu.