Gunzi Kwenye Jipu la Katibu

Pale Mabatini, mjini kwetu kando ya ziwa, ubavuni mwa duka la spea, kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali, na mbele yake ndipo lilipo jiko langu la kahawa. Mimi naitwa Chenge. Nimeuza kahawa hapo tangu serikali ilegeze kamba kila mtu akawa mfanyabiashara, na nakuambia, bidhaa ambayo haijawahi kuadimika ni wajuaji. Ijumaa moja ya mwaka tisini na nne, jipu la Katibu lilisimama mbele ya benchi, boneti wazi, linachuruzika oili. Katibu ndiye Mzee Rwegasira, Mhaya aliyekuwa karani wa vikao vya ushirika mpaka alipopunguzwa kazini. Kiinua mgongo chote kiliishia kwenye jipu hilo la dizeli, mtumba wa Japani, lenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Kesho yake alikuwa ampeleke binti yake Kokulinda kufunga ndoa Geita. Wakwe walikuja na lori lao wambebe bibi harusi, wakaliacha walikofikia, Katibu akasimama mbele ya wazee akasema binti yake hapandi lori kama marobota ya pamba, baba yake ana gari. Fundi wake naye alikuwa msibani Shinyanga. Basi tiba ikaangukia benchi langu.

Na tiba ilikuwa imeanza Jumatano ya wiki hiyo. Jipu lilikuwa linafuka moshi wa bluu, na ule mpira unaotoka juu ya injini kuelekea kwenye tabo ulikuwa unatema oili. Mashimba, tunayemwita Gasketi kwa sababu alipaka grisi jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, miaka mingi, akauchomoa mpira, akaomba gunzi kwenye kikapu changu cha kuwashia moto, akalichonga, akalisokomeza kwenye ule mpira na kulikaza kwa kipande cha tyubu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta!" akasema. Benchi likapiga makofi. Hata mimi nilipiga, na gunzi la akiba nikatoa. Nakiri.

Sasa ni Ijumaa, saa tisa alasiri.

KATIBU: Waitu, ndugu zangu, juzi lilikuwa linavuja sehemu moja. Leo nahesabu sita! Kijiti cha kupimia oili kimeruka chenyewe kikagonga boneti. Mnaniambia nini?

GASKETI: Hiyo dalili ya kupona, Baba Koku. Linatoa uchafu.

KATIBU: Uchafu gani? Hii ni oili mpya, nimeitia jana!

GASKETI: Mvumilivu hula mbivu.

KATIBU: Sina siku ya kuvumilia mimi. Ndoa ni kesho saa sita, na pantoni ya Busisi haimngoji mtu.

Hapo akaingia Nestory. Huyu tunamwita Dubai. Hajafika Dubai, shemeji yake ndiye aliyefika, lakini ukimsikiliza utadhani bandari ile aliichimba yeye.

DUBAI: Tatizo ni hewa, mzee. Mjapani injini hii kaitengenezea baridi. Hapa kwetu hewa ya ziwa ina maji. Tabo inavuta hewa kwa nguvu, inavuta na maji. Maji na oili havikai nyumba moja, kwa hiyo oili inahama.

KATIBU: Mbona magari ya samaki yanashinda huko huko ufukweni na hayavuji?

DUBAI: Yamezoea tangu utotoni. Samaki mkunje angali mbichi.

GASKETI: Acha fiksi, Dubai. Jineri tulikuwa na injini kubwa kama nyumba, ilivuja miaka kumi na miwili. Tulikuwa tunaiongezea oili tu. Haba na haba hujaza kibaba.

KATIBU: Na hiyo jineri iko wapi leo?

GASKETI: Imefungwa. Lakini si kwa ajili ya oili.

Nilimtazama Katibu akifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kimelowa zaidi ya mikono yenyewe. Mtu mzima, kasoma, kaandika mihtasari ya vikao miaka ishirini, na leo anawategemea hawa. Nilitaka kupiga kelele. Lakini kelele za muuza kahawa nani azisikie?

DUBAI: Mzee, gari hili umeshakwenda nalo Geita?

KATIBU: Mara mbili. Kupeleka jibu la barua ya posa, na kupanga siku.

DUBAI: Basi! Kule chini ni dhahabu tupu. Dhahabu inavuta chuma. Umepita juu yake mara mbili, kila nati imelegea bila wewe kujua.

KATIBU: Dhahabu haivuti chuma, Nestory. Nilisoma sayansi.

DUBAI: Ulisoma dhahabu ya kitabuni, mzee. Hii ya Geita ni nyingine.

GASKETI: Hapo kanena. Sasa dawa ni moja tu. Matundu sita, tuyazibe yote sita. Kijiti tukifunge kwa waya. Chenge, lete magunzi!

MIMI: Magunzi yangu ni ya moto, Gasketi.

GASKETI: Bhabha wee, unamnyima mzee gunzi siku ya harusi ya mwanaye?

Ndipo gari la parokia moja ya ng'ambo ya Busisi liliposimama mbele ya duka. Akashuka Sista Bernadeta, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka kwenye viwiko, amefuata chujio la dizeli. Huyo huendesha mwenyewe, akipeleka wagonjwa.

SISTA: Tumsifu Yesu Kristo.

SISI: Milele amina.

SISTA: Shikamoo mzee. Naona boneti wazi. Lina nini?

Kosa lake ni kuuliza. Akaambiwa maji ya ziwa, uchafu na dhahabu, vyote kwa pamoja na kila mtu kwa sauti yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akaushika ule mpira.

SISTA: Huu nani kauziba?

GASKETI: Tumeuziba, Sista. Ulikuwa unapoteza oili.

SISTA: Sasa injini inapumulia wapi?

Gasketi akamtazama Dubai. Dubai akatazama ndani ya kikombe.

GASKETI: Kwani... injini inapumua?

SISTA: Moto ukilipuka juu ya pistoni, moshi kidogo unapenya pembeni mwa ringi, unashuka chini kwenye oili. Lazima utoke. Na lenye tabo ndiyo zaidi, maana hewa inashindiliwa. Mlango wake ni huu. Mkiufunga, unavunja ukuta.

DUBAI: Lakini ulikuwa unatoka na oili, Sista. Tabo inainywa, moshi wa bluu.

SISTA: Hilo kweli. Njooni muone.

Akafungua boneti lake. Kando ya injini kulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia limefungwa kwa waya. Mpira mmoja unaingia, mwingine unatoka kwenda kwenye tabo. Ndani, akasema, kuna stilwaya ya kusugulia masufuria. Moshi unapita, oili inanasa na kubaki kwenye kopo. Kila Jumamosi anaimwaga.

KATIBU: Kopo? Kopo tu?

SISTA: Kopo tu, mzee.

Katibu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nami nikaimwaga gazetini sukari ya kopo langu, nikamkabidhi kopo. Gasketi akakimbilia dukani kuuliza waya. Kwa dakika tano hivi tulikuwa watu wenye akili, na nilifurahi kweli.

Sista akaomba jipu liwashwe, akalichomoa gunzi. Likatoka kwa kishindo na kumrukia Dubai kifuani. Kisha akatandika gunia, akalala chini akaangalia. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda.

SISTA: Zima, mzee. Umelitembeza kiasi gani likiwa na gunzi?

KATIBU: Mpaka Usagara na kurudi. Jana, na leo tena. Nilikuwa nalijaribu kwa ajili ya safari.

SISTA: Sili ya nyuma, ile ringi ya mpira kati ya injini na giaboksi, imesukumwa nje. Oili yote inapitia huko. Kopo litafaa, lakini kwanza giaboksi ishushwe. Siku mbili au tatu. Safari ni lini?

Katibu akamwambia ni kesho, kwenye ndoa ya binti yake Geita. Sista akatutazama mmoja mmoja, akaelewa. Yeye alikuwa anaelekea Shinyanga, na nyuma kulikuwa na mgonjwa amelala, kwa hiyo kumbeba bibi harusi hakuwezekana.

GASKETI: Baba Koku, wahenga walisema...

KATIBU: Mashimba. Nyamaza.

Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Akashusha boneti taratibu. Akaniomba maji ya kusuuzia vikombe, nikammiminia yote, akanawa kwa sabuni mara mbili, kwani mtu haendi kwa wakwe na mikono ya oili. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akapiga hatua chache, akageuka.

KATIBU: Hivi lile lori lao, kuna aliyeliona? Lina turubai?

Hakuna aliyekuwa ameliona. Akaelekea walikofikia wakwe, kwenda kuliomba.