Trekta Haigawanywi kwa Spana

Sogeeni karibu, wanangu, nanyi wapwa zangu msisimame mlangoni kama watu waliokuja kupima nyumba. Ingieni mkae chini, kwa maana pumzi niliyobakiza inatosha kusema jambo mara moja tu. Marie-Thérèse, mke wangu, niinulie mto. Honorine, binti yangu, keti hapa kuumeni kwangu nikuone. Wewe Mukuka, mtoto wa dada yangu, keti mbele yangu, na mama yako Chomba akae kando yako, asije akasema kesho kwamba hakusikia.

Mimi Kapya Ngosa ninasema haya nikiwa na akili timamu. Nimeishi kwa hesabu, tangu nilipokuwa nikisoma chuo kikuu pale Kasapa hadi nilipostaafu katika ofisi za mji, ambako chama tawala kilinivua jina langu la ubatizo, kikanivika kitambaa cha shingoni kilichokatazwa kuitwa tai, kikaniita citoyen, yaani raia, na mwishowe kikanipa mkono na kunionyesha mlango. Hayo siyalilii. Sidaiwi na mtu. Nyumba hii ya Kampemba ni ya Marie-Thérèse maadamu yu hai, na baada yake ni ya watoto wake. Karatasi ziko serikalini, na mwenye ubishi akabishane nazo. Kinachonichoma ni trekta.

Mnaikumbuka ilivyofika shambani kwetu, njia ya Kasenga: ndogo, imechakaa rangi, iliyoachwa na mzungu mmoja aliyefunga virago upesi. Watu wa barabarani waliicheka. Chomba, wewe ndiwe uliyesema mbele ya majirani, ukiniita kwa heshima ya kaka mkubwa, "Yaya, ile iko trakteri ao iko toy ya batoto?" Nilicheka nawe, kwa sababu siku hiyo tulikuwa bado ndugu. Ilikuwa na nguvu ya kuvuta na mikono miwili ya kunyanyulia jembe, basi. Nyuma haikuwa na pa kuchomeka mpira hata mmoja wa kupitisha mafuta ya kusukuma mitambo. Remorque yetu, tela la kuvutwa nyuma, ilikuwa ya kisasa, yenye mtungi wa kusukumwa na mafuta hayo ili kuisimamisha ili mzigo umwagike wenyewe, lakini mtungi ule ulining'inia bure kama mkono uliopooza, na mahindi tuliyashusha kwa koleo. Mgongo wa Marie-Thérèse ulivunjikia pale. Yeyote anayemwona akitembea ameinama asidhani ni uzee.

Ndipo nilipokaa na kuchora. Nilitaka trekta ile ipate milango ya mafuta nyuma, ya kupeleka na ya kurudisha, na wenzo mmoja ambao dereva anauvuta naye hajashuka kitini. Kilichohitajika ni kile chuma cha kuelekeza mafuta ambacho mafundi wanakiita distributeur, mipira ya kustahimili shinikizo, na vichwa vya kuchomeka na kuchomoa. Honorine alivitafuta, akavinunua kwa jasho la duka lake, akavileta vimefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Tulivifunga mimi na yeye. Nilimfundisha jambo moja ambalo nalirudia leo mbele yenu nyote: katika trekta ya namna ile mafuta hayalali. Injini ikiwaka, pampu inasukuma, iwe kuna kazi au hakuna. Mafuta yanapita kwenye distributeur, yanaendelea hadi kwenye mikono ya jembe, yanarudi tangini, yanaanza tena. Yakikosa pa kupita, yatavunja kilicho dhaifu kuliko vyote.

Siku remorque ilipojisimamisha mara ya kwanza, mahindi yakateremka kwa mngurumo, Marie-Thérèse aliketi juu ya gunia akalia, nami nikajifanya natazama tairi.

Sasa nisikilizeni kuhusu ukoo wetu, ambamo mali ya marehemu huenda kwa ndugu na wapwa wa upande wa mama, si kwa mke na watoto. Ndugu yangu mkubwa Kunda alipofariki, watu wa upande wa mama yetu walifika kabla moto wa matanga haujazimika, wakachukua kitanda, wakachukua sahani, wakamwacha mjane na kanga aliyoivaa. Cherehani waligombea, na ili pasiwe na ugomvi wakaigawanya: kichwa kikaenda nyumba moja, meza na pedali zikaenda nyumba nyingine. Wakapongezana kwa haki waliyotenda. Haikushona tena hata kitambaa cha pua. Nilidhani aibu ile imetufundisha, na hapo hesabu yangu ilikuwa mbaya, kwa sababu nilihesabu aibu kama kitu ambacho kila mtu anacho.

Maana mimi sijafa. Nililala hospitali, nanyi mkaenda shambani na spana. Honorine aliyashuhudia yote, na Mukuka hakukana nilipomuuliza, kwa hiyo nayasema kama yalivyokuwa. Chomba ulisimama kando ya trekta ukahukumu: "Trakteri iko ya ba yaya, maana yake iko ya jamaa. Ile bituyo, mipira ya nyuma, iko ya Honorine, eye njo aliitosheya franga yake. Mumufungulie, ajitwalie. Shiye hatuibe kintu ya mutu." Mkafungua distributeur, mkakunja mipira vizuri, mkamwekea binti yangu miguuni, na mkaona mmekuwa waungwana kuliko walioigawanya cherehani.

Honorine akakuuliza, Mukuka, nawe ukiwa umepiga magoti, unaziba bomba la pampu kwa kipande cha chuma: "Ukifunga pale, mafuta itapita wapi?"

Ukamjibu, na wenzako wakacheka: "Itarudia kwenye ilitokea. Miye naendesha camion ya tani na tani, weye mwanamuke wa kuuzisha chumvi unataka kunifundisha moteur?"

Ukawasha. Vali ya usalama ya trekta ile iko mbele katika njia ya mafuta, kwenye nyumba ya mikono ya jembe. Ulipoziba bomba kabla mafuta hayajaifikia, uliyafungia nje ya mlango wao pekee wa kujiokolea. Pampu ikapasuka kabla kicheko chenu hakijaisha. Nawe ukaniambia hapa kitandani, kwa adabu kabisa, "Ba mujomba, ile pompe ilikuwa ya zamani." Ilikuwa ya zamani, ndiyo. Hata mimi ni wa zamani, na sikupasuka mpaka nilipolisikia hilo.

Mahindi yamesimama shambani, makavu. Remorque imelala. Marie-Thérèse jana aliomba apewe koleo.

Basi huu ndio uamuzi wangu. Trekta ni ya Honorine: injini, magurudumu, mikono, distributeur, mipira na kila tone la mafuta, kitu kimoja kisichogawanyika. Sheria mpya ya familia inawatanguliza watoto mbele ya wapwa, lakini siegemei sheria tu. Naegemea kwamba yeye anajua mafuta yanakopita na anamjua mama yake. Nilitaka wewe Mukuka nikuachie radio yangu na maneno mazuri. Sasa nakuachia kazi. Utatafuta pampu nyingine, utaifunga kwa mikono yako, na Honorine atasimama juu yako akikuambia bomba lipi linakwenda wapi, nawe utaitika kama mdogo kwa mkubwa wake, "Ndiyo, yaya." Ukishamaliza, kila msimu atakulimia shamba lako baada ya lake, na usukani ataushika yeye.

Najua mnachowaza: mzee akishafumba macho, nani atatulazimisha? Nimelihesabu hilo pia. Matanga yangu yatakaa kwa Chomba, ndiyo desturi ya ukoo wenu mnaoupenda, na waombolezaji watakula kwake. Mwili wangu hautatoka chumba cha maiti kwa gari la kukodi wala kwa mabega ya mtu. Nitakwenda kuzikwa shambani ndani ya remorque, nikivutwa na trekta ile, na udongo wa kaburi utaletwa na remorque hiyohiyo, ujimwage wenyewe. Mpaka trekta iwake nitangoja pale chumba cha maiti, na matanga hayataondolewa. Mimi sitachoka. Tutaona chungu cha nani kitachoka.

Chomba, usilie hivyo. Lia kidogo... bakiza.

Honorine, inamisha kichwa. Kama wazee wetu walivyofanya, hata padri akinuna... haya mate yangu kwenye paji la uso wako. Ukae salama. Ukitupa mbegu, ziote. Mama yako asishike koleo tena. Mungu aliyenipa wewe asikuache.

Marie-Thérèse... mkono. Huo. Usiuachie.

Nani amepiga magoti? Mukuka? Unataka nawe... Sogea. Ni haki yako, mjomba hafi bila kumtemea mpwa wake mate ya baraka... Ngoja. Kinywa kimekauka. Hapana, Honorine, usinipe maji... Mate yatakuja yenyewe.

Kwanza pampu, mwanangu.

Nenda... maduka hayajafungwa.